Mume hataki kusikia nusu kaputi, mkwe anataka kimeo kikatwe

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku, simu nimeipunguza mwanga nisimwamshe. Mwanangu wa pili, wa miaka mitano na miezi saba, amelala pembeni yangu, kichwa amekirudisha nyuma kama kuku anayemeza maji. Anakoroma kama mzee aliyetoka kilabuni. Kukoroma nimeshazoea. Kinachoninyima usingizi ni pale anaponyamaza. Kifua kinahangaika lakini pumzi haitoki. Naweka kidole chini ya pua yake, nahesabu. Juzi nilifika kumi na moja. Halafu anashtuka, anavuta hewa kwa kishindo, anageukia ukutani, na mimi naanza kuhesabu upya.

Tunaishi Mafinga. Mume wangu ni mtu wa mbao, anaingia msitu wa Sao Hill wiki mbili au tatu, akirudi anakaa siku nne anaondoka tena.

Mtoto huyu mafua hayamuishi tangu ana miaka mitatu. Mwaka huu peke yake ameshakunywa amoksilini ya maji sijui chupa ngapi, na azuma mara tatu. Mdomo uko wazi mchana kutwa. Na sauti yake, Shangazi! Akiniita "mama" inatoka "baba". Baba yake akiwapo wanacheka, anadhani anaitwa yeye. Shuleni wenzake wamempa jina la Mafua. Mwalimu wake wa awali ameniambia mara mbili kwamba mtoto anaitwa hageuki, na saa nne asubuhi anasinzia. Nyumbani televisheni anaisogelea mpaka pua iguse kioo.

Mwezi wa pili nilimpeleka hospitali kubwa. Daktari wa pua na koo akaagiza eksirei, akanionyesha mwenyewe: kivuli cha nyama nyuma ya pua, na njia ya hewa imebaki kama uzi. Akasema dawa yake ni upasuaji, nyama zitolewe. Mwezi wa tano nikaenda Mbeya kwa dada yangu, tukaonana na daktari mwingine. Huyu akasema nisiwe na haraka, nyama hizo mtoto akifika miaka minane, tisa, zinasinyaa zenyewe. Akanipa dawa ya kupuliza puani. Mtoto anarusha mateke kila nikimshika, na siku nane zilipopita sikuona tofauti, nikaacha. Nikarudi kwenye matone ya duka la dawa, yale yanafungua palepale. Nayatumia huu mwezi wa pili.

Sasa nyumbani. Mume wangu alikuwa na mdogo wake aliyepelekwa kupasuliwa ngiri akiwa na miaka sita, akalazwa usingizi, hakuamka. Ni zamani sana, lakini nikitaja tu neno upasuaji anasimama anatoka nje. Kauli yake ni moja: "Mwanangu halazwi nusu kaputi." Mama mkwe naye anasema tatizo ni kimeo, kijijini kwao kuna fundi anayekikata dakika moja, hata baba yake mtoto alikatwa na yuko hai. Ameshaniambia shule zikifunga atakuja kumchukua mjukuu wake.

Mimi nimewaza hivi. Mchezo wangu unatoka mwezi wa nane, ni laki saba. Mume akiwa msituni nimchukue mtoto, twende na dada, nisaini mwenyewe, apasuliwe, nirudi naye amepona. Baba yake akifika akute mtoto analala vizuri, atasema nini? Ile eksirei nimeificha chini ya godoro, hajawahi kuiona.

Lakini nikifikiria akiwa pale kitandani, na baba yake hajui, mikono inakufa ganzi. Nikisubiri miaka mitatu nitakuwa nimemwua kwa woga? Nikiharakisha nitakuwa nimemwua kwa kisu? Nisaidie.

Mama wa Mafua, Mafinga

*

Marahaba, mwanangu. Nilipofika pale kwenye kumi na moja nilijikuta nami nahesabu.

Umenifungia mambo matatu kwenye fundo moja: pumzi ya mtoto, msiba wa mumeo ambao haujaisha, na bibi anayekuja kumchukua mjukuu. Juu yake umeweka la nne, la kwenda kwa siri. Nitayagusa yote, ila nianze na mtoto, kwa sababu ndiye asiyeweza kuandika barua. Mimi si daktari, na haya nikuelezayo ni ya kukusaidia kuuliza ukiwa mbele ya daktari.

Kwanza jina lenyewe, maana linapotosha. Mitaani tunasema "nyama za puani" kwa vitu vitatu tofauti: vile vinyama vilivyovimba unavyoviona ukimulika tundu la pua, uvimbe laini unaoota ndani ya pua, na hizi za mwanao, ambazo madaktari huziita adenoidi. Hizi ziko nyuma kabisa, juu ya kaakaa, mahali pua inapokutana na koo. Ukimfungua mdomo huzioni, ndiyo maana ikahitajika eksirei. Hazikuingia kutoka nje, na wala si kosa lako. Kila mtoto anazo. Ni ndugu wa tonsesi, askari wa kukamata vijidudu. Hukua kati ya miaka miwili na sita hivi, huanza kupungua akifika saba au nane, na kwa vijana wengi zimekwisha kabisa. Zikizidi ukubwa zinafunga njia, na herufi inayohitaji hewa ya puani, kama m, inageuka b. Ndiyo siri ya "mama" kuwa "baba". Mbane pua mtoto wako mkubwa umwambie aseme "mama", utasikia.

Kwa hiyo yule wa Mbeya hakukudanganya. Na yule wa kwanza naye hakukudanganya. Mmoja ametazama picha, mwingine ametazama umri. Swali langu kwako ni hili: nani kati yao ametazama usiku? Barua yako nimeirudia, sikuona mahali uliposema kwamba uliwaambia habari ya kidole chini ya pua. Pengine uliwaambia ukasahau kuandika. Lakini kina mama wengi wakifika mbele ya daktari husema "anakoroma sana" wakaishia hapo, kwa haya au kwa foleni. Kukoroma ni jambo moja, kukatikiwa pumzi ni jingine kabisa. Na eksirei hupigwa mtoto akiwa macho. Inaonyesha nyama ni kubwa kiasi gani, haionyeshi anavyolala. Wapo wenye kivuli kikubwa wanaolala salama, na wenye kivuli cha wastani wanaohangaika mpaka alfajiri.

Kwa hiyo kabla ya mwezi wa nane, usiku wa leo, fanya kazi ndogo. Mfunue kifua, washa taa, mrekodi kwa simu dakika mbili, tatu, pale anapohangaika. Kamera ichukue kifua na shingo, si uso tu, ili daktari aone kama mbavu zinazama ndani na kama pale chini ya koo panabonyea. Rudia usiku mwingine usiokuwa wa mafua makali. Andika tarehe, na kama amekojoa kitandani andika pia, kwa sababu usingizi wa namna hii huleta na hilo. Video hiyo itasema kuliko mimi na wewe. Ila nikutahadharishe: ukiona midomo inageuka ya bluu au ya kijivu, au mbavu zinazama kila pumzi hata akiwa macho, au asubuhi haamki vizuri kila ukimtikisa, usiningoje mimi, wala mume, wala mchezo. Hospitali, saa hiyohiyo.

Jambo la pili ambalo hukuuliza nami nalipa uzito kama pumzi: masikio. Anaitwa hageuki. Televisheni anaigusa kwa pua. Nyama zile zimekaa jirani kabisa na mlango wa mirija inayopitisha hewa kwenda masikioni. Zikiziba, maji mazito hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye ndoo. Hayaumi, kwa hiyo halii, na mwalimu anasema mkaidi. Je, kuna mtu aliyempima masikio? Kama hakuna, hicho ndicho kipimo cha kudai safari ijayo, kwa sababu kinaweza kubadili hesabu yote. Maji yakikaa miezi mitatu na zaidi na usikivu umepungua, madaktari hufikiria hata kuweka vibomba vidogo kwenye ngoma ya sikio. Mwakani anaingia darasa la kwanza. Unaposema "nisubiri miaka mitatu", kumbuka ni miaka ile ile ya kujifunza kusoma. Na unaposema "nisiposubiri", kumbuka pia kwamba kusubiri si lazima kuwe miaka mitatu. Kunaweza kuwa miezi mitatu, na tarehe ya kurudi ikaandikwa kwenye kadi.

Na hapo niulize kwa upole. Ile dawa ya kupuliza, kweli uliijaribu? Siku nane hazitoshi. Dawa za namna ile hufanya kazi taratibu, kila siku, kwa wiki kadhaa, na kwa watoto wengine nyama hupungua kiasi cha kuahirisha kisu au kukiepuka. Wengine haziwasaidii. Mtoto anayerusha mateke mfundishe mchana kwa mchezo, kwanza umpulizie mwanasesere, halafu yeye akupulizie wewe maji ya chumvi. Kichwa kiiname mbele kidogo, na mdomo wa chupa uelekee upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua, maana ukiupuliza ule unachubuka na damu inatoka. Yale matone yanayofungua palepale, naomba uyaache na umweleze daktari kwamba ulikuwa unayatumia. Yametengenezwa kwa siku chache. Yakizidi, pua huzoea, na ukiyakosa inaziba kuliko mwanzo. Inawezekana sehemu ya unachokisikia usiku ni matone, si nyama. Na azuma mara tatu kwa mwaka bila kupimwa... hiyo nayo ipumzike.

Nina neno la pembeni. Kwa baridi ya Mufindi mwezi huu sina mtu wa kumlaumu akiingiza jiko la mkaa chumbani. Lakini moshi na hewa ya mkaa vinamvimbisha pua huyu mtoto kila usiku, na mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua familia nzima kimyakimya. Hukusema kama unaliingiza. Nakuuliza tu. Na baba akirudi na vumbi la mbao kwenye koti, koti libaki barazani.

Tuje kwenye kisu. Upasuaji wa kutoa hizi nyama hupitia mdomoni, nje hakuna jeraha, na wenyewe ni mfupi, mara nyingi hauzidi nusu saa. Mtoto hulazwa usingizi kamili, nusu kaputi hiyo hiyo anayoiogopa mumeo. Watoto wengi sana duniani hufanyiwa, na wengi huanza kulala kimya ndani ya siku au wiki chache. Lakini sitakuambia hauna hatari. Kuna damu, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza. Kuna nyama kuota tena, hasa kwa wadogo. Kuna wachache ambao sauti inageukia upande wa pili, hewa inavujia puani wakisema. Na mtoto anayekatikiwa pumzi usingizini ndiye hasa anayehitaji kuangaliwa usiku wa kwanza kuliko mwingine.

Mwaka 2013 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu watoto wa miaka mitano hadi tisa wanaokatikiwa pumzi usingizini. Walikuwa 464; nusu wakatolewa tonsesi na nyama hizi, nusu wakasubiri wakiangaliwa. Baada ya miezi saba walipimwa tena usingizini. Kwa waliopasuliwa, 79 kati ya kila 100 kipimo kilikuwa sawa. Kwa waliosubiri, 46. Dalili, tabia na hali ya mtoto kwa macho ya wazazi vilikuwa bora zaidi kwa waliopasuliwa, ila kwenye mtihani wa umakini tofauti haikuonekana wazi. Wale wenye hali mbaya kabisa hawakuingizwa. Namba hizi nimezigeuza sana kichwani kabla ya kukupa, kwa sababu kila mtu huchukua ile inayomfaa. Mimi nazisoma hivi: kusubiri kwa macho wazi si uzembe, na kisu si uchawi. Mwanao yuko kundi gani, namba hazisemi. Video na kipimo cha masikio vitasema kidogo.

Sasa kimeo. Mama mkwe usimchukulie adui. Amezika mtoto, na anajaribu kumwokoa mjukuu kwa njia isiyo na hospitali ndani yake. Ukiyaweka pamoja, yeye na mwanawe wanaogopa chumba kile kile. Lakini kimeo si nyama za puani. Kinaning'inia mbele, zile ziko nyuma na juu. Ukikikata chote, zile zinabaki palepale. Anachoongeza fundi ni damu isiyo na wa kuizuia, na kisu ambacho jana kilikuwa kwenye koo la mtoto mwingine. Na liko jambo ambalo lingemshangaza bibi: kabla ya upasuaji daktari mzuri hukitazama sana hicho kimeo. Kikiwa na ncha mbili, kaakaa linaweza kuwa na kasoro iliyojificha, na mtoto wa namna hiyo akitolewa nyama zote sauti inaharibika. Kimeo ni ushahidi. Mwambie hivyo: "Mama, daktari amesema kisiguswe mpaka akitazame." Unamkatalia bila kumvunjia heshima. Likizo ikifika kabla hamjaamua, mtoto asiende kijijini peke yake. Hapo peke yake ndipo sina maneno mawili.

Na safari ya siri. Sikukatalii haki yako ya kumpeleka mwanao hospitali. Mama akiona pumzi inakatika haombi ruhusa. Ila angalia ulivyoipanga. Umejiwekea picha moja tu, ya mtoto aliyepona na baba aliyekosa la kusema. Je, akivuja damu usiku ule, simu ya kwanza utampigia nani, na utaanzia wapi? Hata kila kitu kikienda sawa, mumeo atajifunza kwamba mtoto wake alilazwa kwenye usingizi ule ule uliomchukua mdogo wake, na yeye alikuwa anapasua magogo. Wapo wanaume wangeshukuru. Wapo wasingesamehe. Wewe unamjua, mimi simjui.

Ninachokiona kwenye barua ni kwamba huyu baba hajawahi kuusikia usiku wako. Anakaa siku nne, amechoka, analala kama gogo lenyewe. Anamsikia mtoto akimwita "baba" na kucheka. Wewe unabishana naye kuhusu kisu, wakati yeye hajui mnabishania nini. Akirudi safari hii, usianze na neno upasuaji. Saa nane usiku mwamshe, mshike mkono, uweke kidole chake chini ya pua ya mwanawe. Mwache ahesabu yeye. Usiseme kitu. Huenda atatoka nje tena. Mwache atoke.

Halafu, siku nyingine, muulize habari za mdogo wake. Si kwa kumshawishi. Jina lake nani, alikuwa anapenda nini, siku ile ilikuwaje. Nahisi nyumba hiyo haijawahi kuulizwa. Akiwa tayari, mwombe aje kliniki, kazi yake iwe moja, kuuliza maswali ya usingizi: nani atamlaza mtoto, amezoea watoto wadogo, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kitakuwapo mpaka aamke, atalala wodini usiku ule au la. Aseme waziwazi yaliyompata mdogo wake, kwa sababu mtaalamu wa usingizi anahitaji kujua kama kuna kitu kinachotembea kwenye ukoo. Aulize kuhusu seli mundu, na kama kuna ndugu wanaovuja damu isiyokatika. Mtoto akiwa na homa au kifua siku ya miadi, tarehe isogezwe, mtu asione haya. Na nyumbani baadaye asipewe aspirini wala dawa ya maumivu yenye kodeini. Majibu yakimridhisha, vizuri. Yasipomridhisha, huenda naye ana haki, na mtatafuta hospitali nyingine pamoja.

Laki saba zako zina kazi yoyote mtakayoamua, ila tenga ya kulala karibu na hospitali siku mbili, tatu. Usipande basi la kurudi Mafinga jioni ya siku ile ile.

Na ile eksirei itoe chini ya godoro. Filamu ikikunjika haisomeki, na daktari yeyote utakayekwenda kwake ataiomba. Itie kwenye bahasha ngumu, bandika juu ya kabati, pale baba yake anapoweka funguo.